Kabla Hujailaumu Tabo

Hukumu ya "tabo imekufa" hutolewa mapema mno katika gereji za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Katoro, Geita na Nyarugusu. Gari linatoa moshi, halivuti likipanda, linakula oili, na kabla boneti halijakaa wazi hata robo saa mwenye gari ameshaambiwa akatafute tabo nyingine. Anaitafuta, inafungwa, gari linatembea wiki kadhaa, kisha moshi uleule unarudi. Hapo ndipo linapoletwa shauri la pili: tabo itolewe kabisa, au injini nzima ibadilishwe. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba njia hiyo inaanzia mwisho. Katika gari la zamani tabo huumizwa na makosa ya sehemu nyingine: hewa yenye vumbi, oili mbaya au isiyofika, na joto lisilopata pa kutokea. Fedha ya kwanza na jicho la kwanza viende huko. Asiyefanya hivyo atanunua tabo mbili au tatu kwa ugonjwa mmoja ambao haukuwahi kuwa ndani ya tabo.

Magari ninayoyazungumzia yanafahamika. Ni Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE, Prado na Hilux zilizofuata zenye 1KD-FTV, Land Cruiser za 80 zenye injini za 1HD, Pajero zenye 4M40, Noah chache za dizeli zenye 3C-T, na kwa upande wa petroli, Subaru Forester zenye tabo. Land Cruiser hadtopu, ile tunayoiita mkonga, ikiwa na injini ya 1HZ haikutoka kiwandani na tabo, ingawa yatakayosemwa kuhusu vumbi yanaihusu vilevile. Mengi ya magari haya yaliingia nchini yakiwa yameshatembea miaka mingi Japani, kisha yakapewa kazi nzito kuliko ile yaliyoizoea: kubeba watu na mizigo kwenye barabara za machimboni, mchana kutwa, kiangazi kizima.

Tuanze na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana ushauri wote unatoka hapo. Moshi wa ekzosi unazungusha gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu jingine linalovuta hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma ndani ya injini. Injini ikiwa na mzigo, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo hakuna chuma kinachoweza kugusana na chuma kikadumu, kwa hiyo shafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zake. Oili hiyo inatoka kwenye injini kwa bomba jembamba, na inarudi chini kwa uzito wake tu kupitia bomba nene. Hakuna pampu inayoivuta kurudi. Na vizuizi vya oili kwenye ncha mbili za shafti si sili za mpira kama wengi wanavyodhani. Ni ringi ndogo za chuma, na kazi yake inasaidiwa na msukumo wa hewa upande mmoja na wa moshi upande wa pili. Msukumo huo ukiharibika, oili itavuja hata kama tabo ni mpya kabisa.

Mwinuko wa nchi yetu nao unaongeza kazi. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi ya Shinyanga na Geita iko kwenye kiwango hicho au juu yake. Kwa mwinuko huo msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inaipoteza sehemu hiyo moja kwa moja. Yenye tabo inafidia, lakini inafidia kwa kuizungusha shafti kwa kasi zaidi. Ndiyo maana mpira wa hewa uliopasuka kidogo, ambao dereva wa pwani angeweza kuishi nao, huku unahisiwa mapema.

Sasa vumbi, ambalo kwa maoni yangu ndilo muuaji mkubwa kuliko yote katika eneo hili. Dhahabu ya ukanda huu kwa sehemu kubwa imo kwenye mishipa ya kwatzi, yale mawe meupe magumu ambayo wachimbaji wadogo huyavunja na kuyasaga kwenye makarasha. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni na kuta za silinda. Inaposagwa, kisha marudio, yaani mabaki ya kusaga, yakaanikwa na jua na kupeperushwa na upepo wa kuanzia Juni hadi Oktoba, inakuwa msasa unaoelea hewani. Gari linalolala karibu na karasha, au linalofuata lori kwa karibu kwenye barabara ya vumbi, linavuta msasa huo kila sekunde. Vumbi likipita filta, kwanza linasaga ncha za mapezi ya tabo, kisha linaingia kwenye silinda na kula ringi, kisha linashuka kwenye oili na kurudi kwenye beringi za tabo kwa mlango wa nyuma. Uharibifu huo ni wa polepole na hauna kelele. Dereva anapoona moshi, kazi ilikwisha zamani.

Namna ya kulijua ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Fungua bomba linalotoka kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye tabo, ingiza kitambaa cheupe kilichofungwa kidoleni, pangusa ukuta wa ndani. Kitambaa kinatakiwa kitoke kisafi, au na unyevu mdogo wa oili. Kikitoka na rangi ya udongo, kuna mahali vumbi linapenya baada ya filta, na hata ununue filta mpya kila mwezi hutakuwa umelitatua tatizo. Tafuta mahali penyewe: ukingo wa filta usiokaa sawasawa kwenye nyumba yake, klempu iliyolegea, mpira wenye ufa upande wa chini usioonekana mpaka uukunje, au klipu za nyumba ya filta zilizokatika na kubadilishwa na waya. Kwenye magari mengi ya aina ya Land Cruiser kuna kidomo cha mpira chini ya nyumba ya filta, ambacho hutema vumbi zito injini inapopunguza mvuto. Kidomo hicho kikikauka na kupasuka, au fundi akikitupa kwa kukiona hakina kazi, tundu lake linageuka kuwa mlango wa kuingizia vumbi lililopaswa kutoka. Ni kijimpira cha kukaa kiganjani, na kukosekana kwake kumefupisha maisha ya injini nyingi.

Kuna mazoea ya kupuliza filta kwa kompresa kila jioni, mara nyingi kwa mdomo wa bomba uliosogezwa hadi kugusa karatasi. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Karatasi ya filta yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililokwisha kunaswa linaziba vitundu vikubwa. Upepo mkali unachana nyuzi zake na kufungua vitundu ambavyo macho hayavioni. Ikibidi kupuliza, upepo uwe mdogo, usiozidi baa 2, ukitokea ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali kidogo na karatasi. Baada ya kupuliza, weka taa ya simu ndani ya filta mahali penye giza uizungushe. Palipo na nukta kali ya mwanga pana tundu, na filta hiyo haifai tena. Filta feki zinagundulika mara nyingi kwa njia hiyohiyo, na pia kwa mpira wake wa ukingoni, ambao ni mgumu na haukumbatii chuma.

Atakayesema kwamba mazingira haya hayafai kabisa kwa tabo, na aangalie migodi mikubwa iliyo jirani. Mgodi wa dhahabu wa Geita umezalisha tangu mwaka 2000, na malori yake makubwa ya kubeba mawe yana injini za dizeli zenye tabo, yanafanya kazi usiku na mchana katika ardhi hiihii. Jibu linalokuja haraka ni kwamba mgodi una fedha na mafundi. Ni kweli, lakini tuangalie fedha hiyo inakwenda wapi. Barabara za mgodini humwagiwa maji kwa maboza ili vumbi lisipande. Filta hubadilishwa kwa kupima ugumu wa mvuto, si kwa kukisia. Oili huchukuliwa sampuli na kupimwa maabara, na mojawapo ya vitu vinavyotafutwa ni silikoni, kwa kuwa silikoni ikipanda ina maana vumbi limeingia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu kununua tabo za ajabu. Yote yanahusu kulinda hewa na oili. Mwenye Prado hana maabara, lakini ana kitambaa cheupe, na anaweza kuacha pengo la mita mia au zaidi nyuma ya lori lililo mbele yake hadi vumbi litue.

Upande wa oili, swali la kwanza katika duka lolote la spea ni bei, na ndiyo sababu oili namba 40 ya kawaida bado inauzwa sana. Kwa injini ya zamani isiyo na tabo inaweza kuvumilika. Kwa yenye tabo haifai, kwa sababu mbili. Asubuhi ni nzito, inachelewa kufika kwenye shafti iliyo juu kabisa ya njia ya oili. Na ikikutana na joto la upande wa ekzosi inaungua na kuacha masizi magumu ndani ya bomba jembamba la kuipeleka. Dizeli zilizotajwa hapo juu zinataka oili ya 15W-40 yenye daraja la dizeli, CF-4 au CI-4, liandikwe kwenye galoni. Kwa Subaru soma kitabu chake na usishuke chini ya daraja linalotakiwa. Kuhusu muda wa kubadilisha, injini nyingi za Kijapani za enzi hizo zenye tabo zilipangiwa kilomita 5,000, na nusu yake kwa matumizi magumu. Vumbi, mizigo na safari fupifupi za machimboni ndiyo matumizi magumu yenyewe. Kwa hiyo anayebadilisha kila kilomita 5,000 kati ya Masumbwe na Nyarugusu asidhani anazidisha. Anachelewa.

Pingamizi hapa ni la haki: oili nzuri kila kilomita 2,500 au 3,000 ni mzigo kwa mtu anayehesabu safari. Lakini hesabu kamili haiishii kwenye galoni. Tabo ikikosa oili haifi peke yake. Vipande vyake huingia kwenye injini, au oili yake humwagika ndani ya silinda, na bili inayofuata ni ya ovaholi. Na kama kweli kipato hakiruhusu, afadhali oili ya bei ya kati yenye daraja sahihi ibadilishwe kwa wakati pamoja na filta yake, kuliko oili ya gharama iachwe hadi iwe nzito na nyeusi kama lami. Daraja na muda ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Kuna maradhi mawili ya oili yanayostahili kutajwa kwa jina la injini, maana yanadanganya mafundi wengi. La kwanza ni la 1KD-FTV. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, moshi wa silinda hupenya na kushuka kwenye oili. Oili inajaa masizi, na masizi yanaziba wavu wa pampu ulio chini kabisa kwenye sampu. Presha inashuka, na kwa kuwa tabo iko mbali na ina mahitaji makubwa, ndiyo ya kwanza kulia. Fundi anabadilisha tabo, wavu unabaki umeziba, na tabo ya pili inakufa haraka kuliko ya kwanza. La pili ni la baadhi ya injini za Subaru, ambazo bolti yenye tundu inayofunga bomba la oili la kwenda kwenye tabo ina kichujio kidogo cha waya ndani yake. Kichujio hicho kinaziba kwa oili iliyochelewa kubadilishwa. Kukitoa na kukisafisha, au kuweka kipya, ni kazi ya muda mfupi. Kutojua kwamba kipo ni gharama ya tabo nzima.

Joto linafuata, nalo lina sura mbili. Ya kwanza ni namna ya kuzima. Dereva anayewania abiria kutoka Tinde anaingia stendi ya Kahama na mwendo mkali, anageuza funguo mara moja, anashuka. Pampu ya oili imesimama, lakini chuma cha tabo upande wa ekzosi bado kina nyuzi joto mia kadhaa, na joto hilo linatambaa hadi kwenye oili iliyokwama kwenye beringi na kuikaanga. Ukifanya hivyo mara chache hutaona kitu. Ukifanya kila siku, bomba linapungua upana kutoka ndani. Dawa yake ni kuendesha taratibu kilomita ya mwisho, au kuacha injini iungurume kama dakika 2 baada ya mlima au mzigo mzito. Wapo wanaosema huko ni kuchoma mafuta bure. Injini ya dizeli ya lita 3 ikiunguruma bila mzigo hutumia kama lita 1 kwa saa au pungufu, hivyo dakika 2 ni mililita 30 hivi. Wengine husema tabo zao zina njia ya maji, hazihitaji subira. Maji yanasaidia, na yanasaidia sana, lakini kwa sharti kwamba mfumo wa maji ni mzima, na kwa gari la miaka ishirini na zaidi sharti hilo halitimii lenyewe. Asubuhi nayo, usipige resi mara tu injini inapowaka. Ipe nusu dakika oili ifike juu.

Sura ya pili ni rejeta. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga ukikauka kwenye mapezi ya rejeta unakuwa ukuta, na mbegu za nyasi zinaushikilia. Kuosha kwa maji ya nguvu kutoka mbele kunausukuma ndani zaidi. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, na kama kuna intakula (kipozea hewa ya tabo) mbele yake, isogezwe kwanza. Maji ya visima yenye chumvichumvi yaachwe. Kulanti ni bora, na pasipo na kulanti, maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria ni afadhali kwa safari ya dharura. Na tafadhali, themostati isitolewe. Ni desturi iliyoenea kwamba gari likichemsha themostati inatupwa, kana kwamba ndiyo inayoziba. Katika baadhi ya injini za Toyota themostati ikifunguka huwa pia inafunga njia ya mkato ya maji, hivyo ikitolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha vilevile au zaidi. Silinda hedi ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa, na hedi iliyopasuka hutoa moshi mweupe na kupunguza maji, dalili ambazo nazo tabo husingiziwa.

Basi tuseme dalili zimeshafika. Gari halivuti na linatoa moshi mweusi: maana yake mafuta yamezidi hewa. Anza na filta ya hewa. Kisha mtu apandishe resi huku wewe umeshika mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye manifodi. Unatakiwa ukaze mkononi. Usipokaza, au ukisikia mluzi, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote na utafute mapovu, hasa chini ya klempu na kwenye pembe za intakula. Angalia pia kibomba chembamba kinachokwenda kwenye kifaa cha kudhibiti tabo. Kikipasuka, tabo haipati amri yake. Masizi ya njia ya kurudishia moshi hujaza manifodi ya hewa katika dizeli nyingi za umri huu, hadi tundu la kupita hewa libaki dogo kuliko lilivyotoka kiwandani. Nozeli zinazotiririsha badala ya kunyunyiza nazo hutoa moshi huohuo. Yote hayo yanapimika bila kununua chochote.

Moshi wa bluu ndio unaopeleka tabo nzuri nyingi jalalani, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Bluu ni oili inayoungua, lakini oili hiyo inaweza kupita kwenye tabo isiyo na kosa lolote. Filta ikiziba, mvuto mbele ya gurudumu la hewa unaongezeka na kunyonya oili kupita ringi ya chuma. Bomba la kurudishia oili likikunjwa, au likizibwa na kipande cha gundi ya silikoni kilichobanwa kupita kiasi na fundi, oili inapanda ndani ya tabo na kutafuta njia nyingine. Briza ya injini ikiziba, au ringi za pistoni zikichoka, hewa chafu inajaa kwenye sampu na kuzuia oili isishuke. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya stiki hufanya vivyo hivyo. Pima hili la ringi kwa kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikipuliza kwa mikupuo ya nguvu, ugonjwa uko kwenye silinda, na tabo yoyote utakayofunga itavujisha oili kama ile iliyotoka.

Baada ya hapo ndipo tabo yenyewe ikaguliwe. Injini ikiwa imepoa, toa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Mchezo mdogo wa kwenda pembeni ni wa kawaida, kwa kuwa oili ya kuielesha haipo. Mchezo wa kuivuta na kuisukuma unatakiwa usihisike, au uwe mdogo sana, na mapezi yasiguse ukuta hata ukiyasukuma upande mmoja. Tabo iliyokufa kweli inabeba ushahidi wa kilichoiua, kwa hiyo idai, usiiache gerejini. Ncha za mapezi ya hewa zikiwa zimelika na kuwa butu, ni vumbi. Shafti ikiwa imebadilika rangi kuwa ya samawati au nyeusi, ni ukosefu wa oili. Mapezi ya upande wa ekzosi yakiwa yamegongwa, kuna kipande kimetoka ndani ya injini au kwenye manifodi, na haijulikani kama vimebaki vingine.

Dizeli inayovujisha oili nyingi kupitia tabo ina hatari moja ambayo kila dereva aijue. Inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe, ikapanda resi bila kukanyagwa, na isizimike kwa funguo. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki, weka gia kubwa, achia klachi ili izimike. Kwenye otomatiki njia ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa kiganja wala kwa kitambaa kinachoweza kunyonywa. Ikishindikana, kaa mbali.

Kuhusu shauri la kuitoa tabo kabisa, hoja yake si ya kipuuzi: kisichokuwapo hakiharibiki, na mtu aliyechoka kulipa anataka amani. Tatizo ni kwamba pampu ya mafuta na nozeli zimepangwa kwa kiasi cha hewa ambacho tabo huleta. Ukiitoa bila kupunguza mafuta, injini inakuwa na moshi mweusi na joto kubwa kwenye ekzosi. Ukipunguza mafuta, unabaki na gari zito lenye nguvu ndogo, kwenye mwinuko ambao tayari umenyang'anya sehemu moja ya nane ya hewa. Injini za petroli za tabo zina pia mgandamizo mdogo kwa makusudi, hivyo bila tabo hula mafuta na haziendi. Na lile vumbi, ile oili, ile rejeta, bado vipo vilevile, sasa vinaila injini bila kutoa onyo la mapema.

Inapobidi kubadilisha, tabo ya mtumba si haramu, mradi ipimwe kwa vidole kama ilivyoelezwa kabla fedha haijatoka. Kazi ya kufunga ndiyo yenye hatari zaidi. Bomba la kupeleka oili libadilishwe au lisafishwe hadi mwanga uonekane ndani, si kupulizwa tu. Kwenye viungo vya oili tumia gasketi, silikoni isiguse. Intakula imwagwe oili na vipande vya chuma vilivyobaki. Oili na filta viwe vipya siku hiyohiyo. Mimina oili kidogo kwenye tundu la tabo na uizungushe kwa mkono, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake hadi taa ya oili izime. Na kabla ya yote hayo, fundi afunge geji ya mkono na apime presha ya oili injini ikiwa imepata moto, ikiunguruma na kwenye resi ya kati, alinganishe na kitabu cha injini husika. Presha ikiwa chini, tabo ibaki kwenye boksi lake mpaka sampu ifunguliwe na wavu wa pampu uonekane.